Namba Ilikuwa Daftarini

Muhula uliopita, katika mdahalo wa darasa letu, mwenzangu mmoja alisimama akasema jambo lililowafanya wengi wapige makofi: kwamba wagonjwa watoro wanajiua wenyewe, na kwamba serikali haiwezi kumfuata kila mtu nyumbani kwake kama mbuzi aliyekata kamba. Mimi sikupiga makofi. Sikujibu pia, kwa sababu zamu ya upande wetu ilikuwa imekwisha na mikono ilikuwa inanitetemeka. Makala hii ndiyo jibu langu. Limechelewa miezi mitatu, lakini afadhali lichelewe kuliko lisije.

Mama yangu mdogo alijifungua mtoto wa kiume mwaka 2018, katika mji mmoja wa mpakani upande wa Uganda. Sitautaja mji, wala kituo cha afya, wala jina la mtoto; ameniruhusu nisimulie kwa sharti hilo. Alikuwa anaishi na VVU na alikuwa anameza dawa zake bila kukosa. Mtoto alipofikisha wiki sita alitobolewa kisigino, matone ya damu yakakaushwa kwenye karatasi maalumu, karatasi ikabebwa kwa pikipiki na kupelekwa maabara kuu Kampala, na majibu yakarudi kituoni. Naomba msomaji ashike jambo moja: hadi hapo kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa. Mashine haikuharibika. Dawa hazikuisha. Hakuna aliyeomba kitu kidogo. Majibu yalirudi yakisema kwamba mtoto ameambukizwa, yakabanwa ndani ya faili, na faili likarudishwa kabatini.

Mama mdogo aliambiwa, "Majibu yakija tutakuita." Akasubiri kuitwa. Biashara ilipomwendea vibaya alivuka mpaka kwenda kuuza mitumba upande wa Kenya, na ule ukimya wa kituo akauchukua kuwa habari njema: kama kungekuwa na tatizo wangeita. Ni nani kati yetu asingefikiri hivyo? Mtoto akaanza kuumwa. Masikio yalitoa usaha, yakapona, yakatoa tena. Alipofikisha miezi kumi na mmoja alilazwa hospitali ya huko, akapimwa upya kana kwamba hajawahi kupimwa, akaanzishiwa dawa. Leo ana miaka saba, yuko darasa la pili, mtundu, hodari wa mpira. Sikio la kushoto halisikii. Ukimwita kutoka upande huo anaendelea na shughuli zake, na mwalimu wake wa kwanza alikuwa akimchapa akidhani ana kiburi.

Sasa nieleze nilivyoijua habari ya majibu hayo. Nilipomaliza kidato cha sita, katika ile likizo ndefu ya kusubiri chuo, nilipata kibarua katika kituo hichohicho: kuingiza madaftari ya zamani kwenye kompyuta. Nilipofika kwenye daftari la watoto la mwaka 2018 niliutafuta mstari wa ndugu yangu kwa makusudi. Sikuwa na haki ya kufanya hivyo, na nitalirudia jambo hilo. Mstari niliupata. Tarehe ya kuchukuliwa damu ipo. Tarehe ya majibu kurudi ipo. Majibu yapo. Safu ya tarehe ambayo majibu yalitolewa kwa mlezi ilikuwa tupu. Na pembeni, kwa wino wa buluu, ilikuwepo namba ya simu ya mama mdogo, tarakimu zote kumi, bila kosa hata moja.

Nilimuuliza aliyenisimamia kama namba za simu niziingize pia. Akanijibu kwa upole tu, maana alikuwa mtu mwema aliyechoka: "Ziruke, ripoti haiziulizi." Nikaziruka, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka kibarua changu kikaisha.

Hoja yangu basi ni hii. Hifadhidata za wagonjwa tunazo (mhadhiri wetu wa isimu angependa niseme kanzidata, anisamehe), lakini nyingi tumezijenga kama mkulima anayehesabu magunia ya mavuno na kusahau kuangalia ni mche upi umenyauka leo. Zinahesabu waliokuja. Hesabu inapanda wilayani, inapanda wizarani, inapanda kwa mfadhili, na kila ngazi inapata asilimia yake ya kuweka kwenye chati. Muuguzi anayefungua mlango saa mbili asubuhi hapati orodha ya jambo pekee analohitaji kulijua: nani alipaswa kuja jana na hakuja, na nani majibu yake yamefika na hajaambiwa. Taarifa hizo zimo. Zimeandikwa kwa mkono wa muuguzi huyohuyo. Ila hazimrudii.

Watu wanaposikia neno kompyuta katika habari za afya ya vijijini huguna. Wanasema watu wetu wanahitaji dawa na madaktari, mambo ya kompyuta tuwaachie Wazungu. Mguno huo una sababu, kwani tumeona mashine zikifungwa kwa sherehe na kufunikwa kitambaa mwaka unaofuata. Lakini tutazame kilichofanyika jirani tu, Eldoret.

Mwanzo wake ni mbali kidogo. Mwaka 1976 daktari mmoja wa Indianapolis, Marekani, Clement McDonald, alichapisha utafiti mfupi. Aliipa kompyuta kazi ya kuwakumbusha madaktari mambo waliyopaswa kuyafanya kwa kila mgonjwa. Walipokumbushwa, walichukua hatua katika asilimia 51 ya matukio. Wasipokumbushwa, asilimia 22. Lililonishangaza zaidi ni kwamba kiwango cha mafunzo cha daktari hakikuleta tofauti. Wote walijua la kufanya. Akili ya mtu mmoja tu ndiyo isiyoweza kubeba mambo yote ya watu wote waliopanga foleni mlangoni. Kosa halikuwa ujinga, na kwa hiyo semina nyingine ya siku tatu hotelini isingelitibu.

Chuo cha McDonald kilikuwa na ushirikiano na Chuo Kikuu cha Moi na hospitali ya rufaa ya Eldoret, na mbegu ile ikavuka bahari. Mwaka 2001 mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulianza katika kituo cha afya cha Mosoriot, nje ya mji. Baadaye, kuanzia 2004, ukazaliwa mfumo wa OpenMRS, ambao ni wa bure, na ambao mtu yeyote anaweza kuufungua na kuurekebisha. Watafiti wakiongozwa na Martin Were wakafanya Eldoret lile alilofanya McDonald. Waliwatumia watoto wanaoishi na VVU na watoto waliozaliwa na mama wenye VVU, yaani watoto kama ndugu yangu. Kompyuta ilipitia rekodi ya kila mtoto na kutafuta kilichopitiliza wakati: kipimo ambacho hakijafanywa, dawa ambayo haijaanzishwa. Kisha ikachapisha ukumbusho kwenye karatasi, na karatasi ikawekwa mbele ya mganga siku mtoto alipokuja. Utafiti ulichapishwa mwaka 2013. Bila karatasi ile, asilimia 18 ya yale yaliyopitiliza ndiyo yaliyofanywa. Ikiwepo, asilimia 68.

Nasisitiza neno karatasi. Meza ya mganga haikuhitaji kompyuta, wala umeme wa saa ishirini na nne. Kilichohitajika ni mashine moja chumba cha nyuma, mtu wa kuingiza taarifa, na printa. Anayesema hatuwezi kwa sababu umeme unakatika, anijibu kwanza kwa nini umeme huohuo unatosha kutuma ripoti ya robo mwaka.

Sitaki kudanganya kwamba karatasi inafanya miujiza. Katika utafiti mwingine wa Eldoret, wa watu wazima waliopitisha muda wa kupimwa kinga ya mwili, ukumbusho uliinua maagizo ya kipimo kutoka asilimia 38 hadi 53. Ni nyongeza, lakini karibu nusu bado walikikosa. Na zaidi ya hayo, ukumbusho wa aina hii unamsaidia aliyekuja. Asiyekuja, karatasi yake inabaki printani. Hapo ndipo tunapomfikia huyo anayeitwa mtoro.

Sisi ni wanafunzi wa Kiswahili, kwa hiyo tulitazame neno. Mtoro ametokana na kutoroka. Anayetoroka anamkimbia mwenye haki juu yake, au anayedai ana haki hiyo: mwanafunzi humtoroka mwalimu, askari hutoroka kambi. Pwani, katika karne ya 19, watoro walikuwa watumwa waliowakimbia mabwana zao na kujijengea vijiji vyao msituni. Neno hilo tumelichukua, pamoja na bwana aliyejificha ndani yake, na kumbandika mama aliyekosa nauli. Unaposema "watoro wa dawa" umekwisha kutoa hukumu kabla ya kusikia kesi. Umesema alijua, alitaka, akakimbia. Mama mdogo hakumkimbia mtu. Alikuwa ameketi anasubiri simu.

Wako pia waliokwenda kuwatafuta "watoro" hao, hapa hapa Uganda. Katika kliniki ya VVU ya Mbarara, watafiti walichukua wagonjwa 829 waliohesabiwa kuwa wamepotea, wakachagua 128 bila upendeleo, na kuwatuma watu wakawatafute vijijini. Walipata habari za 111. Kati ya hao, 32 walikuwa wamekufa. Miongoni mwa walio hai waliohojiwa, wengi walikuwa bado wanapata huduma, ila mahali pengine, karibu zaidi na nyumbani. Na walipoulizwa kwa nini waliacha kuja, jambo lililojitokeza sana lilikuwa usafiri: nauli na umbali. Fikiria basi neno moja, "amepotea," linavyowafunika kwa pamoja marehemu, aliyehamia kliniki ya jirani na aliyekosa nauli ya teksi. Hao ni watu wa namna tatu, wanaohitaji mambo matatu tofauti, na mmoja wao hahitaji tena chochote. Hifadhidata isiyotofautisha kati yao inatuonyesha kuwa hatujauliza.

Mimi ningependa safu ile ya daftari iitwe "hajafikiwa". Mwenzangu wa mdahalo atasema nacheza na maneno. Nacheza nayo ndiyo, ni kazi niliyokuja kusomea. Lakini tazama kitenzi kimegeuka wapi. Mtoro ametenda kosa. Asiyefikiwa anamdai mtu, na anayedaiwa ana ofisi, ana simu ya mezani, ana jina kwenye beji.

Kuna jaribio jingine la Kenya ambalo kila mwanafunzi wa Kiswahili angepaswa kulijua, na nashangaa hatufundishwi. Lilichapishwa mwaka 2010. Wagonjwa walioanza dawa za VVU walitumiwa ujumbe wa simu mara moja kwa wiki. Ujumbe ulikuwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya siku mbili. Akiwa mzima anajibu "Sawa". Akiwa na tatizo anajibu "Shida". Aliyejibu shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi. Miongoni mwa waliotumiwa ujumbe, asilimia 62 walimeza dawa ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya wasiotumiwa. Tofauti hiyo imeletwa na salamu. Hakuna programu ya kupakua, hakuna simu ya bei mbaya, hakuna neno VVU popote, mume akiichukua simu anaona "Mambo?" na kuirudisha mezani. Na uzuri wake kwangu ni kwamba ukimya ulihesabiwa kuwa ni jibu. Kimya cha mama mdogo mwaka 2018 hakikuhesabiwa na mtu.

Najua swali linalofuata, kwa sababu wahadhiri wawili wamekwisha kuniuliza: na siri ya mgonjwa je? Ni swali zito kuliko lile la umeme, na nakiri kwamba mimi mwenyewe ni ushahidi wake. Kijana wa miaka kumi na tisa, ndugu wa mgonjwa, alikaa peke yake na daftari akasoma majibu ya mtoto wa watu. Ningekuwa na ulimi mrefu, mtaa mzima ungejua kufikia jioni. Lakini angalia vizuri nilichokiuka. Lilikuwa daftari la karatasi. Karatasi haiandiki nani ameifungua, saa ngapi, na ametazama ukurasa upi. Kila mama aliyeinama kutia sahihi kwenye mstari wake aliona mistari ya wenzake juu na chini. Mfumo wa kompyuta ukipangwa vizuri unaweza kunizuia nisiufungue mstari ule, na nikiufungua kwa hila unabaki na jina langu. Tunayo sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019. Itumike. Siku ya kwanza mgonjwa aulizwe: tukupigie namba ipi, akipokea mtu mwingine tuseme sisi ni nani, na kama hutaki kupigiwa kabisa tufanye nini? Mama mdogo angejibu maswali hayo kwa dakika moja. Hakuulizwa. Siri yake ilitunzwa vizuri mno, hata yeye mwenyewe akafichwa.

Kisha lipo jambo la mpaka. Kenya wana mfumo wao wa kumbukumbu za wagonjwa wa VVU, sisi tuna wetu, na yote miwili imejengwa juu ya OpenMRS ileile, kama watoto wa mama mmoja. Lakini mtoto aliyepimwa upande huu akivuka hatua mia tano hadi upande wa pili, anakuwa mgeni asiye na historia. Mama yake anabeba kitabu cha kliniki kwenye mfuko wa plastiki, kikilowa, basi. Kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, na hotuba zinatuambia kwamba lugha hii inaunganisha Afrika Mashariki. Ningependa kusikia hotuba moja inayosema itakuwa lini majibu ya damu ya mtoto yatavuka Malaba kwa urahisi unaovukisha nyanya na mitumba.

Tatizo la mwisho ndilo linalonitia hofu zaidi. Yule bwana mwema aliyechoka, aliyeniambia niziruke namba, mshahara wake ulitoka kwenye mradi wa nje. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na nilipopita kituoni wakati wa Pasaka sikumkuta. Anaendesha bodaboda. Kompyuta ipo mahali pake, imefunikwa kitambaa. Waliokuwa wakiguna wataniambia: si tulisema? Mlisema ni mali ya mfadhili, na kwa kituo kile mlikuwa sahihi. Ilijengwa ili imjibu mfadhili, na mfadhili alipoacha kuuliza, ikanyamaza. Hiyo ndiyo sababu ya kuijenga upya imjibu muuguzi, kwa fedha za bajeti yetu, na mtu wa takwimu aajiriwe kama anavyoajiriwa mkunga.

Wala sidai makubwa. Nadai orodha ya ukurasa mmoja kila asubuhi. Nadai mtu mmoja ambaye kazi yake imeandikwa kwamba ni kuipitia kabla ya saa nne, akiwa na salio kwenye simu. Asiyepokea, jina lake lipelekwe kwa mhudumu wa afya wa kijiji chake. Hao tunao, wanajitolea, wanajua njia zote hadi ya kisimani. Wapewe nauli. Na asilimia itakayopanda wilayani iwe moja mpya: kati ya wote ambao majibu yao yalifika mwezi huu, ni wangapi wameambiwa.

Kwa mwenzangu wa mdahalo, ambaye natumaini anasoma: ulisema serikali haiwezi kumfuata kila mtu nyumbani. Sikuomba mtu afuatwe nyumbani. Juzi nilimpigia mama mdogo kumsomea makala hii kabla sijaikabidhi. Nilitumia namba niliyoiona daftarini, hajawahi kuibadilisha. Iliita mara mbili, akapokea.